PUNDA MWENYE KIDONDA: HAKI YA MNUNUZI NA HAKI YA MNYAMA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, vyenye kusema na visivyosema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Somo letu la mwaka huu limetokana na jambo lililotokea hapa hapa Lamu, kwa mmoja wa wanafunzi wetu. Tumeomba idhini ya baba yake kulieleza, naye ametukubalia kwa sharti kwamba tusitaje majina. Tunamshukuru. Tumeliona ni somo la fiqhi na la tabia kwa pamoja, na sisi walimu pia tulijifunza ndani yake.

Kisa chenyewe

Baba wa kijana huyu ni mchukuzi. Mitaa ya mji wetu ni myembamba, gari haipiti, na mchanga, saruji na mawe ya kujengea huchukuliwa juu ya mgongo wa punda. Punda wake alikuwa amekufa kwa uzee, akakaa miezi akidunduliza pesa mpaka akapata za kununua mwingine. Siku ya Alhamisi akamnunua kwa mchuuzi mmoja. Punda aliletwa akiwa na matandiko mgongoni. Baba alipotaka kuyavua, mchuuzi akasema, "Mwache, amechoka na safari, ukimvua hapa atakusumbua. Mimi nakuuzia kama umwonavyo, na nikiondoka hapa sina lawama." Baba akalipa pesa zote.

Jioni matandiko yakavuliwa. Pale shingo inapokutana na mgongo palikuwa na kidonda kipana kama kiganja cha mtu mzima, kinatoa usaha, kinanuka, na nzi wamekijaa. Kijana wetu anasema mama yake alifunika uso.

Baba alikuwa ameshapokea kazi ya kupeleka mchanga kwenye nyumba inayojengwa, na nyumbani palikuwa na deni la ada ya shule. Akakifunika kidonda kwa kipande cha gunia, akarudisha matandiko, akamfanyisha punda kazi Ijumaa asubuhi na Jumamosi kutwa. Jumapili punda hakusimama.

Siku hiyo ndipo kijana alipokuja chuoni macho mekundu, akauliza, "Maalim, je, tunaweza kumrudisha?"

Sisi, kwa haraka yetu, tukamjibu, "Naam, mrudisheni leo leo, mmedanganywa." Tulikosea. Hatukuwa tumeuliza nini kilitokea baina ya Alhamisi na Jumapili. Mwenye kuulizwa hukumu kabla ya kujibu ni lazima naye aulize. Tukawaita baba na mwana, tukakaa nao, na mambo tuliyoyapitia ni haya yafuatayo.

1. Kuficha aibu ya bidhaa

Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya chakula, vidole vikatoka na umaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba anayeghushi hayuko pamoja naye. Tazameni jinsi hali zinavyofanana: pale unyevu ulifichwa chini ya nafaka kavu, na hapa kidonda kilifichwa chini ya matandiko.

Tena katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, tunafundishwa kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainishiana, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na wakasema uongo, baraka yake hufutwa. Kwa hiyo mwenye kuuza mnyama mgonjwa ni wajibu wake kusema, hata kama hakuulizwa. Kunyamaza akijua ni haramu.

2. Je, neno "sina lawama" linamwokoa muuzaji?

Neno hili tunalisikia kila siku sokoni: "Kama ulivyoona," au "Ukishanunua usirudi." Wengi hudhani likishasemwa basi mlango umefungwa. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kama alivyoandika Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaj, muuzaji anayeshurutisha kutolaumiwa husalimika na jambo moja tu: aibu ya ndani iliyofichika ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Hiyo ni kwa sababu mnyama hula na kunywa, na maradhi yaliyo ndani yake huenda yasionekane na yeyote. Ama aibu ya dhahiri, au aibu anayoijua akaificha, haimtoki kwa neno lile.

Kidonda cha mgongoni kiko juu ya ngozi, na anayemtandika punda kila siku hakosi kukijua. Kwa hiyo "sina lawama" ya mchuuzi wetu haikuwa na nguvu.

3. Khiyari ya aibu na masharti yake

Mnunuzi akikuta aibu iliyokuwapo kabla hajapokea mali, ana khiyari: akitaka hurudisha na kuchukua pesa zake, akitaka huridhika. Aibu hapa maana yake ni kila upungufu unaoshusha thamani ya kitu, au unaokosesha lengo lake, ilhali vitu vya aina hiyo kwa kawaida havina upungufu huo. Punda wa mizigo asiyeweza kutandikwa ana aibu bila shaka.

Lakini haki hii ina masharti, na hapa ndipo wengi huipoteza.

(a) Irudishwe papo hapo. Ukiijua aibu usikae. Wanazuoni wameeleza kwamba ukijua nawe uko katika Swala au katika chakula, maliza. Ukijua usiku, ngoja kuche. Ikiwezekana weka mashahidi kwamba umeuvunja mnunuo, kisha umwendee muuzaji.

(b) Usikitumie kitu baada ya kuijua aibu. Kutumia ni dalili ya kuridhika. Na ajabu ni kwamba Imam Nawawi, katika mlango huu, ametoa mfano wa mnyama anayeachiwa matandiko yake mgongoni: mnunuzi akiyaacha baada ya kujua, haki yake ya kurudisha huanguka. Tulipousoma ukurasa ule mbele ya baba, aliinamisha kichwa. Yeye hakuyaacha tu, bali aliyavua kisha akayarudisha.

(c) Isizuke aibu nyingine mkononi mwa mnunuzi. Ikizuka, hawezi kumlazimisha muuzaji apokee. Muuzaji akiridhia kumpokea kama alivyo, mnunuzi huchagua kurudisha au kunyamaza. Asiporidhia, hutazamwa malipo ya upungufu, yaitwayo arshi. Mfano wa hesabu yake: punda mzima ana thamani ya shilingi 20,000, na mwenye aibu ile 15,000. Upungufu ni robo. Ikiwa mnunuzi alilipa 16,000, arshi ya aibu ile ya kwanza ni robo yake, yaani 4,000. Hesabu hufuata bei iliyolipwa.

Basi jawabu la sawa kwa kijana wetu lilikuwa hili: Alhamisi usiku baba yako alikuwa na haki kamili, na angengoja Ijumaa asubuhi akamrudisha punda angerudishiwa pesa zake zote. Alipomtandika na kumpakia, kwa madhehebu yetu, haki ile ilimtoka, na arshi pia, kwa kuwa ni yeye aliyeiacha. Ilikuwa vigumu kulisema hilo mbele ya mtu mwenye deni, lakini hukumu haibadilishwi na huruma yetu. Tunataja kwamba katika madhehebu ya Hanbali mlango huu una wasaa zaidi, wala mwanafunzi asimdharau anayefuata kauli hiyo.

4. Sulhu

Je, mchuuzi alisalimika? La. Haki ya kurudisha ilianguka, lakini dhambi ya kuficha haikuanguka. Jambo kama hili halipelekwi mahakama ya Kadhi, maana kwa sheria ya Kenya mahakama hiyo husikiliza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Tukawaomba wazee wawili wa mtaa wamwite. Mwanzo alikataa kabisa. Mzee mmoja akamwuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe ulikijua kile kidonda?" Akanyamaza. Kisha akasema, "Nilikijua."

Aliambiwa wazi kwamba hakuna anayemlazimisha kumpokea punda, lakini toba ya dhuluma ni kumridhisha aliyedhulumiwa. Akatoa pesa za daktari na dawa. Hazikulingana na hasara, lakini baba aliridhika, wakapeana mikono.

5. Mnyama naye ana haki

Wanafunzi wapenzi, katika mazungumzo yote hayo ya pesa, punda alikuwa amelala uani anaungua kwa homa. Yeye hakuuza wala hakununua. Kijana wetu ndiye aliyetukumbusha, aliposema, "Maalim, na yeye je, nani anamtetea?"

Mtume wetu (S.A.W.) alimtetea. Katika Sahihi Muslim imo habari ya Jabir (R.A.) kwamba alimwona punda aliyepigwa chapa usoni, akamlaani aliyefanya vile. Katika Sunan Abi Dawud imo habari ya ngamia ambaye mgongo wake ulikuwa umeshikana na tumbo kwa njaa, Mtume akawaamrisha watu wamche Allah katika wanyama hawa mabubu. Tunajua wote habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Na Mtume mwenyewe alipanda punda, Muadh (R.A.) alipanda nyuma yake juu ya punda aliyeitwa Ufayr.

Katika fiqhi, chakula na maji ya mnyama ni wajibu juu ya mwenye kummiliki, wala haijuzu kumpakia asichokiweza. Mwenye punda akikataa kumlisha, hakimu humlazimisha mojawapo ya mawili: amlishe au amuuze. Na akimuuza akiwa mgonjwa ni lazima aiseme aibu yake, la sivyo atakuwa amefanya lile lile alilofanyiwa.

Watu wetu husema asante ya punda ni mateke. Punda yule alibeba mchanga siku moja na nusu juu ya nyama mbichi, na hakupiga teke hata moja. Maumbile ya punda ni kuficha maumivu. Ukimwona ametulia, masikio yamelegea na hataki kula, usiseme ni mpole, huyo anaumwa.

6. Alivyotibiwa

Daktari wa mifugo alikuja, na tunayaandika maelekezo yake kwa sababu nyumba nyingi hapa zina punda.

Kwanza, mzigo na matandiko viliondolewa kabisa. Hakuna dawa itakayoponya kidonda ambacho chanzo chake kinaendelea kukisugua.

Pili, kidonda kilioshwa mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kijiko kidogo kimoja kwa kila nusu lita. Maji humiminwa mpaka uchafu utoke, bila kusugua kwa kitambaa kigumu. Anayeosha hunawa mikono kwa sabuni kabla na baada. Kazi hii aliifanya kijana wetu mwenyewe, alfajiri baada ya Swala na jioni kabla ya kuja chuoni.

Tatu, daktari alikataza vikali oili ya gari, tindikali ya betri, majivu, kinyesi, na kuchoma kwa chuma cha moto. Vitu hivi huua nyama nzima, huzidisha kidonda na humtesa mnyama. Wanaovitumia wengi wao wanakusudia wema, lakini nia njema haigeuzi sumu kuwa dawa.

Nne, alipewa sindano za kuua vijidudu na kinga ya pepopunda. Jina lenyewe la maradhi haya limetokana na punda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na kinyesi, huingia kupitia kidonda, na punda ni katika wanyama wanaodhurika nayo haraka. Dalili zake ni mwili kukakamaa, taya kufunga na miguu kusimama kama magogo. Ikishafika hapo ni vigumu sana kumwokoa. Na pepopunda humpata binadamu pia kupitia jeraha, basi kijana naye alipelekwa zahanati kutazamwa kama chanjo yake imekamilika.

Tano, alifungwa kivulini, kinyesi kikizolewa kila siku ili nzi wapungue, maana nzi hutaga na mabuu hula nyama. Dawa ya kufukuza nzi hupakwa pembezoni mwa kidonda, si ndani yake.

Sita, alibembelezwa ale: majani mabichi, nyasi na maji safi. Punda akikaa siku mbili bila kula, mafuta ya mwili wake huingia katika damu na kuharibu ini, akafa kwa hilo hata kama kidonda kinapona.

Ilichukua zaidi ya miezi miwili. Kidonda cha mahali pale kikiwa kirefu huwa na usaha chini ya ngozi, na juu huonekana kimefunga ilhali ndani kinaoza. Kwa hiyo daktari alirudi mara tatu. Katika miezi hiyo baba alisukuma mkokoteni wa watu kwa ujira mdogo, na jirani mmoja alimwazima punda wake siku mbili kwa wiki. Allah amlipe.

7. Kabla ya kununua, na kabla ya kupakia

Baba alituomba tuwaandikie wenzake haya:

- Usinunue punda mwenye matandiko mgongoni. Vua kila kitu, hata akisumbua.
- Tazama nywele nyeupe mgongoni na mabegani. Mara nyingi huota mahali palipokuwa na kidonda cha zamani.
- Bonyeza polepole pande zote mbili za uti wa mgongo. Akijikunja au kushtuka, uliza.
- Mtembeze uone miguu, tazama kwato, macho na meno, na mwangalie akila.
- Muulize muuzaji waziwazi mbele ya mashahidi wawili: "Ana aibu gani?"
- Ukikuta aibu usiku, usimtandike asubuhi. Mrudishe.
- Matandiko yawe na mito miwili minene, mmoja kila upande, ili uti wa mgongo usiguswe. Kamba ya nailoni hukata ngozi, tumia mkanda mpana wa kitambaa.
- Mzigo usizidi kiasi cha theluthi ya uzito wake. Punda wa kilo 150 mpe kilo 50, na siku za joto kali punguza.
- Akiugua, tafuta tiba mapema. Mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua kituo hapa Lamu na kutibu punda bila malipo, na wazee wengi walijifunza kwalo kwamba punda hutibika. Ni aibu kwetu sisi wenye hadithi zile kusubiri kufundishwa huruma hii na wageni.

Hitimisho

Punda yule sasa amepona na anafanya kazi. Mahali palipokuwa na kidonda pameota nywele nyeupe. Kijana wetu hutwambia kwamba kila anapomtandika hupapasa pale kwanza kwa kiganja, kisha ndipo huweka mito.

Tumepata mafunzo matatu. Muuzaji aseme kweli kabla ya kupokea pesa. Mnunuzi aijue haki yake na aidai kwa wakati wake, kwani haki iliyocheleweshwa huenda ikapotea. Na mnyama asiyejua kudai haki yoyote, haki yake iko shingoni mwetu sote, na tutaulizwa juu yake siku ambayo hakuna kitakachofunikwa kwa gunia wala matandiko.

Tunamwomba Allah atujaalie tuwe wakweli katika biashara zetu na wenye huruma kwa viumbe vyake. Amin.

Maswali ya kujipima

1. Ni aibu ya aina gani ambayo muuzaji husalimika nayo akisema "sina lawama"?
2. Taja masharti matatu ya kurudisha kitu chenye aibu.
3. Mtu alinunua mbuzi kwa shilingi 9,000. Mbuzi mzima ana thamani ya 10,000, na mwenye aibu ile 8,000. Arshi ni kiasi gani?
4. Kwa nini sisi walimu tulikosea katika jawabu letu la kwanza?
5. Mwulize mzazi au jirani mwenye punda namna anavyotengeneza matandiko yake, kisha uandike ukurasa mmoja.

Wabillahi tawfiq.